Kabla ya kuuliza "alikuwa nani", tuulize alikuwa anafanya nini risasi ilipotoka

#1 · Mtu wa Ng'ambo (mleta uzi)

Assalaam aleikum, na kwa wengine habari za mchana.

Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie. Jambo lenyewe limenikaa moyoni muda mrefu na silioni likisemwa.

Tarehe 26 Juni 2025, kesho yake baada ya maandamano ya kuwakumbuka vijana waliouawa kwenye maandamano ya Juni 2024, Waziri wa Usalama wa Ndani wa Kenya Kipchumba Murkomen alisema polisi wameelekezwa kumpiga risasi mtu atakayekaribia kituo cha polisi. Baadaye akasema hakueleweka vizuri. Haikupita muda, 9 Julai, Rais William Ruto naye akasema anayechoma biashara ya mtu apigwe risasi ya mguu, apelekwe hospitali, kisha mahakamani. Nchi nzima ilipiga kelele, na ilikuwa haki yake kupiga kelele.

Lakini sisi watu wa Mombasa maneno hayo tulikwisha kuyasikia. Machi 2014 watu wenye bunduki waliingia kanisani hapa Likoni asubuhi ya Jumapili wakaua waumini. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu alibaki na risasi kichwani, mamake akafa. Baada ya hapo kamishna wa kaunti wa wakati ule alisimama hadharani akaagiza washukiwa wa ugaidi wapigwe risasi ya kuua. Nairobi hakuna aliyeandamana. Mitandaoni alisifiwa kuwa huyo ndiye mwanamume. Hata kwenye maskani yetu wazee walisema, "Waacheni wafanye kazi." Niliwasikia na sikuweza kuwalaumu, maana picha za yule mtoto zilikuwa kila mahali na hasira ilikuwa ya kweli.

Nikiweka maneno ya 2014 na ya 2025 pamoja, sioni tofauti isipokuwa ya nani anayelengwa. Ya kwanza yalilenga vijana wa Likoni, Kisauni na Majengo. Ya pili yalilenga vijana wa Moi Avenue ya Nairobi wenye simu na wafuasi mitandaoni.

Ndiyo maana nasema swali letu la kwanza ni bovu. Kila inapokuja habari kwamba polisi wameua mtu, tunauliza: alikuwa nani? Ukijibiwa "alikuwa na rekodi", au "ni wale wa msikiti ule", au "ni Msomali", mjadala umekwisha na watu wanaendelea na chai yao. Ukijibiwa "alikuwa muuza barakoa", kama Boniface Kariuki aliyepigwa risasi ya kichwa karibu kabisa katikati ya Nairobi tarehe 17 Juni 2025 na kufariki tarehe 30, hapo ndipo tunakumbuka kuwa kuna Katiba. Barakoa mkononi zilimwokolea jina lake. Je, angekuwa ameshika jiwe? Angekuwa na kesi ya wizi wa simu ya miaka iliyopita? Wangapi kati yetu tungesimama naye?

Sheria haiulizi hivyo. Jedwali la Sita la Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 linamtaka askari ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu. Nguvu ikibidi, ilingane na kosa na upinzani aliokutana nao. Bunduki ni ya mwisho kabisa, hasa pale maisha ya mtu yamo hatarini na njia nyingine zimeshindwa, na kabla ya kufyatua ajitambulishe na atoe onyo, isipokuwa kutoa onyo kwenyewe kungehatarisha maisha. Ajitahidi kwa kila namna kutotumia silaha, hasa kwa watoto. Mtu akiumia apewe matibabu mara moja na jamaa zake waambiwe. Kote humo hamna mahali palipoandikwa "isipokuwa akiwa jambazi". Jedwali linauliza kilichokuwa kikitendeka dakika ile.

Sasa tazameni tulivyofanya. Machi 2017 ilisambaa video ya Eastleigh, Nairobi, mchana kweupe, askari wa nguo za kiraia akimpiga risasi kijana ambaye tayari alikuwa chini, watu wamesimama wanatazama. Siku ile nilisoma maoni mpaka macho yakauma. Wengi walikuwa wanamshukuru askari. Aliletwa mashtaka miaka kadhaa baadaye, na hilo ni la mahakama, mimi simhukumu. Ninazungumza juu ya waliokuwa wakishukuru. Miezi mitano tu baadaye, Agosti 2017, usiku wa msako baada ya uchaguzi, Samantha Pendo wa miezi sita alipigwa akiwa na wazazi wake ndani ya nyumba yao Nyalenda, Kisumu, akafa. Machi 2020, Yassin Moyo wa miaka 13 alipigwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Nairobi wakati wa kafyu. Tukalia wote.

Na kafyu ile ilianzaje huku kwetu? Tarehe 27 Machi 2020, siku ya kwanza, watu walikuwa wamesongamana feri wakitaka kuvuka kurudi makwao Ng'ambo kabla ya saa moja. Walipigwa virungu na mabomu ya machozi saa ya kafyu haijafika. Watu walilazwa chini, kinamama na mizigo yao. Bado kulikuwa na walioandika kwamba Wapwani hawasikii, wangekaa nyumbani. Feri ndiyo njia yetu. Mtu wa Likoni anayefanya kazi kisiwani atafikaje nyumbani bila kupanga foleni pale?

Nitaje la nyumbani kwetu kidogo, kituo na watu sitawataja. Mtoto wa khalati yangu alichukuliwa maskani na watu waliokuja na gari lisilo na alama. Mamake alizunguka vituo na picha ndogo ya pasipoti na kanzu safi ndani ya mfuko wa plastiki, akiomba waangalie jina kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo. Kila mahali jina halimo. Alirudishwa akiwa hai, alhamdulillahi, nyayo zimevimba asiweze kuvaa ndara, na hakuna kosa lolote aliloshtakiwa. Lakini kilichomvunja khalati ni majirani. Alikuwa akipika mahamri asubuhi na kina mama wakipanga mlangoni. Baada ya tukio lile walipungua mmoja mmoja. Hakuna aliyesema neno baya. Waliona tu kuwa polisi hawawezi kuja bure, lazima kuna kitu. Karai likabaki linachemka na wateja hawapo.

Huo ndio mtazamo wa raia ninaotaka tuuzungumzie. Polisi wana makosa yao na yameandikwa. Tume ya Waki iliyochunguza ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007 ilihesabu vifo 1,133, na 405 kati ya hivyo vilikuwa vya risasi. Baada ya hapo tukapata Katiba mpya, sheria mpya, na mamlaka huru ya kuwasimamia polisi, IPOA. Jina likabadilishwa kutoka jeshi likawa huduma. Karatasi zote tunazo. Tulichokosa ni raia anayeweza kusema, "Yule kijana namchukia, na bado hamkupaswa kumuua."

Sheikh Aboud Rogo, mhubiri wa hapa Mombasa aliyetuhumiwa kuunga mkono ugaidi, aliuawa kwa risasi 27 Agosti 2012 akiwa ndani ya gari na familia yake. Wengi mlimpinga, na Umoja wa Mataifa ulikuwa umemwekea vikwazo. Mpaka leo hakuna aliyehukumiwa kwa kifo kile. Kama ushahidi dhidi yake ulikuwepo, mahali pake palikuwa mahakamani, na kesi tayari ilikuwa mahakamani.

Karibuni. Nipingeni kwa hoja.

#2 · Duka la Kona

Ndugu mleta uzi, nimekusoma mpaka mwisho kwa heshima. Umeandika kuhusu waliopigwa risasi. Mimi niandike kuhusu waliokatwa panga.

Nina duka Kisauni. Kuna kipindi hapa saa kumi na mbili na nusu jioni kila mtu alikuwa ameshafunga. Vijana walikuja kwa kundi, wengine watoto kabisa, ndevu hazijaota, mapanga wameyaficha mgongoni ndani ya shati. Hawaulizi kitu. Wanakata kwanza, halafu wanachukua. Kijana aliyekuwa akinisaidia kuuza alikatwa hapa kwenye kiwiko, akinyanyua mkono kujikinga kichwa. Vidole viwili mpaka leo havikunjiki. Tulikwenda kuripoti tukaambiwa gari halina mafuta.

Mmoja alikamatwa baadaye. Akatoka kwa bondi. Alikuja dukani kwangu akanunua sigara moja, akaiwasha palepale kaunta, akanitazama mpaka ikaisha. Unajua maana yake.

Polisi walipompiga risasi mmoja wa kundi lile, mtaa ulipumua. Nami nilipumua, sitasema uongo mbele ya Mungu. Binti zangu walitoka kwenda madrasa jioni yake. Sasa wewe unaniambia kwamba kupumua kwangu ndiko kulikomuua Boniface Kariuki? Hilo silikubali.

#3 · Mtu wa Ng'ambo (mleta uzi)

Pole sana, kaka. Na pole kwa kijana wako.

Kupumua sikulaumu. Aliyeponea panga lazima apumue. Ninachosema ni hiki: siku mlipowahitaji polisi, na mashahidi mpo na damu iko barabarani, gari halikuwa na mafuta. Mafuta yakapatikana siku ya kuua. Umekosa kazi ya polisi mara mbili. Wangekusanya ushahidi wa kijana wako, daktari akaandika, panga likachukuliwa kama kielelezo, yule mvuta sigara asingeingia dukani kwako kukutisha, maana upande wa mashtaka ungepinga bondi kwa sababu anatisha mashahidi. Ni sababu ambayo mahakama zetu zinaikubali.

Lingine, naomba ulifikirie bila hasira. Aliyepigwa risasi, ulihakikisha ndiye aliyemkata kijana wako? Nani alikuambia?

#4 · Mtoto wa Laini

Nimezaliwa na kulelewa laini ya polisi, yaani nyumba za askari. Baba alistaafu akiwa sajenti. Humu kila uzi wa polisi huishia matusi, huu umeanza kwa adabu kwa hiyo nitasema.

Nyumba yetu ilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa na pazia, upande wa pili familia nyingine. Mkilala mnasikia wenzenu wakikohoa. Mama alikuwa anajua mshahara wa yule afande wa pili ulipokatwa, na yeye alijua wetu. Shuleni mwalimu akiuliza wazazi wenu wanafanya kazi gani, sisi watoto wa laini tulijibu "serikalini". Hakuna aliyetufundisha kujibu hivyo. Tulikuwa wadogo na tulishajua kwamba ukisema polisi, kiti cha pembeni yako kitabaki wazi.

Baba alikuwa na rafiki aliyekwenda operesheni kaskazini na kurudi mtu mwingine. Mnakumbuka Baragoi, Novemba 2012? Zaidi ya polisi 40 waliuawa bondeni wakifuata ng'ombe walioibwa, wengi wao vijana ambao hawajakaa kazini hata miaka miwili. Hakuna aliyewauliza walionusurika kama wanalala usiku. Wakapewa bunduki tena, wakapangiwa kwingine. Tarehe 25 Juni 2024, siku bunge linavamiwa na vijana wanapigwa risasi Nairobi, kundi la kwanza la polisi wetu lilikuwa linatua Haiti. Nilimfikiria mtoto wa laini mmoja ambaye siku ile baba yuko Port-au-Prince na kaka anaandamana.

Simtetei muuaji. Baba mwenyewe alikuwa akisema kijana akitoka chuo cha polisi Kiganjo anajua gwaride kuliko anavyojua kuzungumza na mtu mwenye hasira. Ila kuna kitu mleta uzi hakukigusa: askari hajipangii kazi. Anaambiwa "ondoeni hao watu". Akiuliza kwa njia gani, ameharibu kazi yake. Mambo yakiharibika, konstebo ndiye anayepanda kizimbani, na aliyetoa amri anahamishwa kwenda kaunti nyingine na cheo kinaongezeka.

Jedwali hilohilo la Sita linasema amri ya mkubwa si kisingizio cha kutumia nguvu isivyo halali. Vizuri. Mimi nataka na mkubwa aulizwe. Kesi ya mtoto Pendo ndiyo iliyonipa tumaini kidogo, kwa sababu hakimu wa uchunguzi wa kifo mwaka 2019 hakuishia kwa askari wa chini, aliwagusa na makamanda. Oktoba 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka akatangaza mashtaka ya uhalifu dhidi ya binadamu. Lakini imekwenda polepole mno. Mtoto yule angekuwa ameshaanza shule.

Baba amezeeka. Akiona habari za maandamano huzima redio.

#5 · Konda Mstaafu

Mimi niliacha matatu lakini niseme hili. Watu wengi hawajawahi kupigwa risasi wala kuona maiti ya mtu aliyepigwa risasi. Chuki yao na polisi imetoka barabarani. Kila asubuhi gari lilikuwa linasimamishwa, dereva hana kosa, mimi nashuka na noti imekunjwa ndani ya kiganja, tunasalimiana kwa mkono, tunaondoka. Abiria wote wanaona. Mtoto wa shule aliyekaa kiti cha mbele anaona. Usiku huohuo polisi yuleyule akija mtaani kwenu kusema "tusaidieni na habari za wahalifu", nani atampa? Heshima ilikwisha kwa noti za hamsini hamsini kabla risasi haijafika.

Na tukija kwenye nguvu, asiyekuwa na hamsini ndiye anayepigwa. Nimeona mwenyewe.

#6 · Nyanda za Juu

Wakuu, salamu kutoka Tanzania, mkoa wa Iringa. Uzi huu umenigusa, ruhusuni mgeni achangie.

Huku kwetu Nyololo, wilaya ya Mufindi, tarehe 2 Septemba 2012 aliuawa mwandishi Daudi Mwangosi wa Channel Ten, mbele ya polisi waliokuwa wamemzunguka, kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu na mwili wake. Picha zipo, zilitoka magazetini: mtu mmoja katikati, askari pande zote. Julai 2016 askari mmoja kijana alihukumiwa miaka 15 kwa kuua bila kukusudia. Mmoja. Ndugu wa laini amesema kweli, picha ina watu wengi na hukumu ina mtu mmoja.

Lakini nilitaka hasa kumzungumzia Akwilina Akwilini, yule binti mwanafunzi wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Tarehe 16 Februari 2018 alikuwa ndani ya daladala Kinondoni, polisi wanatawanya wafuasi wa chama cha upinzani CHADEMA, risasi ikamkuta kwenye kiti. Nchi ililia. Na kila aliyeomboleza, kuanzia viongozi mpaka sisi mitaani, alirudia sentensi moja: hakuwa mwandamanaji, alikuwa anapita tu. Nami nilirudia. Mleta uzi amenifanya niitazame tena sentensi ile. Tulikuwa tunasema nini kuhusu waliokuwa wanaandamana kweli? Kwamba wao risasi ni halali yao? Walikuwa wanadai viapo vya mawakala wao wa uchaguzi. Jalada la kesi ya kifo cha binti lilifungwa mwezi Aprili mwaka uleule.

Mwaka 2023 Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman ilipendekeza Jeshi la Polisi ligeuzwe kuwa huduma. Ninyi Kenya mlishabadilisha jina. Kwa ninayoyasoma humu, jina halikubeba mzigo wote.

Huku tuna na la kubambikiwa kesi, hilo ni uzi mwingine.

#7 · Msaidizi wa Sheria

Habari zenu. Nafanya kazi ya msaada wa sheria mashinani hapa Pwani, niongeze ya kutendeka.

Kwanza, Kaka wa Duka la Kona asidhani kesi za polisi hazishindwi. Ya kwanza IPOA kuifikisha mpaka hukumu ilitoka hukuhuku kwetu. Kwekwe Mwandaza, msichana wa miaka 14 wa Kinango, aliuawa Agosti 2014 polisi walipovamia nyumba usiku wakimtafuta jamaa yake. Walisema aliwashambulia kwa panga. Februari 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwatia hatiani polisi wawili kwa kuua bila kukusudia, miaka 7 kila mmoja. Familia ilikuwa maskini, haina mtu wa kumpigia simu Nairobi. Waliosimama nayo ni majirani waliokubali kusema walichoona.

Mtu akipigwa na polisi, haya ndiyo yanayopotea haraka na ndiyo yanayoshinda kesi. Aende hospitali siku hiyohiyo, hata kama maumivu yanavumilika, na karatasi ya matibabu iwe na tarehe na saa. Apige picha majeraha yakiwa mabichi, kisha tena yakigeuka rangi. Nguo alizovaa asizifue, hilo kina mama wanafua kwa uchungu na ushahidi unaenda na maji. Namba ya OB aiandike mwenyewe kwenye karatasi yake, asitegemee kuambiwa "tumeandika". Fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandika majeraha, ijazwe na daktari. Najua ugumu: kuripoti ni kwenye kituo kilekile kilichokupiga. Sheria haikufungi hapo, nenda kituo kingine, au nenda moja kwa moja IPOA, ofisi yao Mombasa ipo.

Palipo na risasi, kila bunduki ina namba na kila kituo kina rejista ya nani alichukua silaha gani na alirudi na risasi ngapi. Ndiyo maana askari kuficha uso na sare ni jambo zito. Agosti 2024 Mahakama Kuu ilizuia polisi kuficha utambulisho wao kwenye maandamano. Mkiwaona wamejifunika, pigeni picha gari, namba zake, saa na mahali.

Na kuna sheria imelala tangu 2017, ya Huduma ya Taifa ya Wachunguzi wa Vifo. Ingefanya kazi, kifo chochote mikononi mwa polisi kingechunguzwa na mtu asiyekuwa polisi. Mtazameni Albert Ojwang, mwalimu aliyekamatwa Homa Bay 7 Juni 2025, kesho yake amekufa seli ya kituo cha polisi cha Central, Nairobi. Polisi wakasema alijigonga ukutani. Bila daktari aliyeuchunguza mwili kusema wazi kuwa majeraha yale hayaelekei kuwa ya kujigonga, tungebaki na hadithi ya ukuta.

#8 · Duka la Kona

Mleta uzi uliniuliza swali nikakaa kimya. Nijibu. Sikuhakikisha. Niliambiwa na watu kwamba ni wa kundi lile, nikaamini kwa kuwa nilitaka kuamini. Mamake anaishi njia ya nyuma ya duka, kila siku tunapishana. Anasema mwanawe alikuwa kweli na vijana wale, hakatai, lakini usiku ule alitolewa kitandani. Sijui nimjibu nini, huwa namuuliza hali tu.

Lakini msinifanye nimebadilika mia kwa mia. Nikitoa ushahidi juu ya yule mvuta sigara, nyinyi mtakuwa Nairobi na Iringa mnaandika. Mimi nitafungua duka kesho yake. Josephat Mwenda alikuwa bodaboda, alipigwa risasi na askari, akafanya kama mnavyosema, akapeleka malalamiko IPOA. Juni 2016 akauawa yeye, wakili wake Willie Kimani, na dereva wa teksi aliyewabeba tu kutoka mahakamani. Hao ni waliofuata sheria.

#9 · Mtoto wa Laini

Kaka, kesi ile ilikwisha Februari 2023. Askari aliyempiga Mwenda alihukumiwa kifo, wenzake wawili miaka 30 na 24, mtoa habari wao 20. Miaka karibu saba, lakini iliisha. Baba aliifuatilia kesi ile kwenye redio mpaka siku ya mwisho, hakuizima.

#10 · Msaidizi wa Sheria

Hofu ya Kaka wa Duka ni ya haki na siwezi kumwambia hakuna hatari. Kuna Shirika la Ulinzi wa Mashahidi, kisheria linaweza kumhamisha mtu, kuficha jina lake mahakamani, kumpa ulinzi. Tatizo wengi hawaombi mapema, wanangoja watishwe. Ile sigara ya kaunta ni kitisho, ingeandikwa siku ileile.

Na yule mama wa njia ya nyuma, kama anasema mwanawe alitolewa kitandani, hilo ni lalamiko kamili. Amewahi kuandikiwa?

#11 · Duka la Kona

Hajawahi. Hajui kusoma, na aliogopa kwenda peke yake. Nadhani aliogopa na sisi pia.

#12 · Mtu wa Ng'ambo (mleta uzi)

Kaka, navuka Jumatatu asubuhi na feri ya mapema. Kama dada msaidizi wa sheria atakuwa na nafasi, tukutane dukani kwako saa nne. Wewe na kijana wako mna kesi yenu ya panga, na mama ana yake. Zote mbili ziandikwe siku moja, kila moja kwenye karatasi yake.

Dada, utahitaji tuje na nini?

#13 · Msaidizi wa Sheria

Kitambulisho cha mama, cheti cha kifo au kibali cha mazishi, na karatasi yoyote waliyopewa mochari hata kama imechanika. Kijana wa duka aje na karatasi za hospitali za mkono wake. Mama aulizwe kwanza kama anataka. Muulize wewe, Kaka wa Duka, usimtume mtu.